Damu ya Askari Ipimwe Asubuhi

Msikilizaji, mazungumzo ya leo yatataja viungo vya mwanaume kwa majina yake. Nimeona niseme mapema, maana najua saa hizi wengi wenu mko mezani na watoto. Sitazunguka, kwa sababu kuzungukazunguka ndiko kulikowaponza watu ninaotaka kuwasemea: askari wa zamani wa Marekani waliorudi kutoka Iraki na Afghanistani wakiwa na mwili unaoonekana mzima, kumbe homoni yao ya kiume imeshuka na hakuna aliyewapima.

Huenda ukauliza, askari wa Marekani anatuhusu nini sisi wa Kiswahili? Anatuhusu kwa sababu wamo wa kwetu. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kujiunga na jeshi la Marekani kabla hajawa raia, na vijana waliotoka Kenya, Kongo na kwingineko katika ukanda huu wamefanya hivyo. Isitoshe, mwaka 2009 jeshi hilo lilianza mpango wa kuandikisha wageni waliojua lugha lilizozihitaji, hata wale wasiokuwa na grini kadi, na Kiswahili kilikuwemo katika orodha. Uandikishaji huo ulisimama mwaka 2016. Vijana wa wakati ule leo ni baba wa watu. Wengine wako Texas, wengine Minnesota, wengine wamerudi kuishi nyumbani. Wake zao, mama zao na ndugu zao mnanisikia.

Sasa, homoni yenyewe. Testosteroni hutengenezwa hasa kwenye korodani, lakini korodani hazijiamulii. Amri hutoka sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ikapokelewa na tezi ya pituitari iliyoning'inia chini ya ubongo, na pituitari ndiyo inayozituma korodani kufanya kazi. Ni mpangilio wa kijeshi: jenerali, ofisa, askari wa mstari wa mbele. Ofisa wa katikati akipigwa, askari wa chini wanabaki wazima na bunduki zao, ila amri haiwafikii. Kwa hiyo mwanaume anaweza kuwa na korodani zisizo na kasoro yoyote na bado akaishiwa testosteroni, kwa kuwa kilichoumia kiko kichwani.

Na vita vya Iraki na Afghanistani vilikuwa vita vya vichwa. Bomu lililotegwa kando ya barabara humkata miguu aliye karibu. Aliye mbali kidogo hupigwa na wimbi la mlipuko, akazimia dakika moja, akaamka, akajipangusa vumbi na kurudi kazini. Tangu mwaka 2000 kumbukumbu za jeshi la Marekani zinaonyesha zaidi ya askari 450,000 waliopata jeraha la ubongo la namna fulani, na wengi mno kati yao waliandikiwa kwamba jeraha ni dogo. Tezi ya pituitari imeshikiliwa na kikonyo chembamba ndani ya kijishimo cha mfupa. Ubongo ukitikisika, kikonyo hicho na mishipa yake midogo ya damu vinaweza kuumia bila kipimo cha kawaida cha picha kuonyesha chochote.

Mwaka 2012 watafiti wa hospitali ya maveterani ya Seattle walichapisha matokeo ya kuwapima askari 26 wa zamani waliowahi kupigwa na mlipuko na kuandikiwa jeraha dogo la ubongo. Kumi na mmoja kati yao, yaani asilimia 42, walikuwa na hitilafu ya homoni moja au zaidi. Mwaka uliofuata Waingereza wakatoa yao: kati ya askari 19 waliojeruhiwa ubongo kwa mlipuko, 6 walikuwa na hitilafu ya pituitari, ilhali kati ya watu 39 waliojeruhiwa ubongo bila mlipuko, kwa mfano katika ajali, ni mmoja tu. Najua hesabu hizi ni za watu wachache, na watafiti wenyewe hawakuficha hilo. Lakini kwangu mimi zinatosha kudai jambo moja dogo: kila askari aliyepigwa na mlipuko na sasa analalamika uchovu, apimwe damu. Kipimo hiki hakihitaji upasuaji wala kulazwa. Ni chupa chache za damu.

Wako pia ambao hawahitaji utafiti wa pituitari kujua kilichotokea. Kati ya Oktoba 2001 na Agosti 2013, wanajeshi wanaume 1,367 wa Marekani walijeruhiwa viungo vya uzazi na njia ya mkojo katika vita hivyo viwili, wengi wao kwa milipuko. Wengi hawakuwa wamefikisha miaka 35. Wanaume 146 walipoteza korodani moja au zote mbili, na 17 kati yao walipoteza zote. Mtu wa namna hiyo hataweza kuishi na afya bila kupewa testosteroni kutoka nje. Mwaka 2018 madaktari wa Johns Hopkins, mjini Baltimore, walimpandikizia askari mmoja aliyejeruhiwa Afghanistani uume na mfuko wa korodani, yaani pumbu, kutoka kwa mtu aliyefariki. Korodani zenyewe hawakumpa, kwa sababu zingetoa mbegu za marehemu, na mtoto atakayezaliwa angekuwa wa mtu asiyeweza kuulizwa. Naona waliamua vyema. Lakini maana yake ni kwamba hata baada ya upasuaji wa ajabu kama ule, homoni hubaki kutoka kwenye chupa ya dawa.

Halafu kuna dawa za maumivu. Askari aliyeumia mgongo au goti hupewa vidonge vya jamii ya afyuni, na vidonge hivyo vikitumika muda mrefu huzima amri ya haipothalamasi. Testosteroni hushuka. Mtu alikwenda kutibiwa mgongo, akapoteza hamu ya mkewe, na hakuna aliyemwambia kwamba mambo hayo mawili yana mzizi mmoja.

Hapo tunafika penye ugumu. Upungufu wa testosteroni hujitangaza kwa uchovu, hasira za karibu, usingizi mbovu, huzuni, misuli kulegea, hamu ya tendo la ndoa kwisha, nguvu kukosekana asubuhi. Sasa mchukue askari wa zamani mwenye dalili hizo, mpeleke kwa daktari. Daktari anatazama faili: Iraki, mara mbili. Anaandika kiwewe cha vita, anatoa dawa ya sonona, anamwelekeza kwa mshauri. Pengine ni kweli ana kiwewe cha vita; wengi wanacho. Ila jibu la kwanza likishapatikana, la pili halitafutwi tena. Na baadhi ya dawa za sonona nazo hupunguza hamu ya tendo la ndoa, kwa hiyo miezi sita baadaye hali imekuwa mbaya zaidi, na mgonjwa anaamini kosa ni lake.

Yeye naye hasemi. Wazee walishasema, mficha uchi hazai. Kijana aliyefundishwa jeshini kwamba maumivu ni udhaifu unaotoka mwilini, mtu ambaye hakulia mwenzake alipokufa mikononi mwake, atawezaje kukaa mbele ya daktari wa umri wa dada yake na kumwambia kwamba mwaka wa pili sasa hajawa mume nyumbani kwake? Atasema anachoka. Ukimuuliza zaidi atasema ni kazi za usiku. Kwa watu wa kwetu jambo hili lina tabaka la pili, maana mwanaume aliyekosa nguvu anaogopa pia kwamba habari zitafika kijijini kabla yake, na kwamba watasema amerogwa au anaadhibiwa. Dada yangu unayenisikiliza, mke wa mtu huyo, wewe ndiye shahidi pekee. Unaweza kwenda naye kliniki. Unaweza kuandika kwenye karatasi ulichokiona, tangu lini, na karatasi hiyo ikaingia kwenye faili. Haitakuwa umbea, ni ushahidi, na hata katika madai ya fidia maelezo ya mwenzi wa ndoa hupokewa.

Sasa nije kwa Wizara ya Masuala ya Maveterani, ile ambayo Wamarekani huiita VA. Ni mfumo mkubwa: watu zaidi ya milioni tisa wamejiandikisha kwa matibabu, hospitali takriban 170, zahanati zaidi ya elfu moja. Wengi wanaowatetea maveterani husema VA inabania testosteroni. Wengine husema inaigawa ovyo. Mimi nasema wote wako sawa, na ubaya ni uleule mmoja. Watafiti waliopekua kumbukumbu za VA za mwaka 2009 hadi 2012 waligundua kwamba kati ya wanaume walioanzishiwa testosteroni, karibu asilimia 3 tu ndio waliokuwa wamefanyiwa uchunguzi kamili: kupimwa asubuhi zaidi ya mara moja, kupimwa homoni za pituitari, na kuhakikishiwa kwamba hawana ugonjwa unaozuia dawa hiyo. Takriban asilimia 16 walipewa dawa bila kupimwa testosteroni hata mara moja. Mwaka 2018 Mkaguzi Mkuu wa wizara hiyo akatoa ripoti yake, akakuta udhaifu katika uchunguzi wa kabla ya dawa na katika ufuatiliaji wa baadaye.

Tafakari hilo. Mtu aliyekuja na kulalamika kwa sauti alipewa dawa bila kipimo. Mtu aliyekaa kimya, mwenye pituitari iliyopigwa na bomu, hakupewa dawa wala kipimo. Pangekuwa na desturi ya kupima, wa kwanza huenda angeambiwa kwamba shida yake ni uzito, au kisukari, au pumzi kukatika usingizini, na kwamba akipungua kilo homoni itapanda yenyewe. Wa pili angepata tiba anayoistahili. Ndiyo maana sipigi debe la kufungua milango ya dawa tu. Napiga debe la chumba cha kutolea damu.

Kipimo chenyewe kina masharti, nayaeleza polepole ili mwenye kalamu aandike. Testosteroni hupanda alfajiri na kushuka mchana, kwa hiyo damu itolewe asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne, ikiwezekana kabla ya kula. Ipimwe siku mbili tofauti, si siku ambayo mtu ana homa au amelazwa. Kwa mwongozo wa madaktari wa mkojo wa Marekani wa mwaka 2018, kilicho chini ya nanogramu 300 kwa desilita mara zote mbili, pamoja na dalili, ndicho upungufu. Maabara za Nairobi, Dar es Salaam na kwingine mara nyingi huandika kwa nanomoli kwa lita. Hapo 300 ya Mmarekani ni kama 10.4. Na daktari aombe pia LH na FSH, zile homoni za pituitari. Hizo ndizo zinazoonyesha aliyeumia ni nani. Zikiwa juu, korodani zimeshindwa. Zikiwa chini, au za kawaida ilhali testosteroni iko chini, tatizo liko juu, kichwani, na hapo historia ya mlipuko inapata uzito.

Katika suala la fidia, tofauti hiyo ni kubwa. Tangu Januari 2014 kanuni za VA zinakubali bila mabishano kwamba ugonjwa wa upungufu wa homoni unaotokana na haipothalamasi na pituitari umesababishwa na jeraha la ubongo lililopatikana jeshini, mradi jeraha lilikuwa la wastani au kubwa, na ugonjwa ulijitokeza ndani ya miezi 12. Ni kanuni nzuri, na waliopigania hatua hiyo walifanya kazi ya maana. Lakini tazama nani amebaki nje. Walioandikiwa jeraha dogo, ambao ndio wengi, hawamo. Aliyepimwa mara ya kwanza miaka saba baada ya mlipuko anaulizwa ushahidi wa miezi 12 ya kwanza, miezi ambayo hakuna aliyewaza kumtoa damu. Anabaki kutafuta daktari atakayeandika barua ya kitaalamu kuunganisha mlipuko na ugonjwa. Sheria ya PACT ya Agosti 2022, iliyowapa afueni waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka, haikuutaja upungufu wa testosteroni miongoni mwa magonjwa inayoyakubali moja kwa moja. Kwa maoni yangu kipindi cha miezi 12 kinapaswa kuondolewa kwa mtu yeyote ambaye jeshi lenyewe liliandika kwamba alipigwa na mlipuko. Serikali iliyoshindwa kupima haiwezi kumdai mjeruhiwa matokeo ya kipimo.

Barua hiyo ya daktari isitafutwe gizani. Vyama vya maveterani kama Disabled American Veterans na American Legion vina maofisa walioidhinishwa kuandaa madai, na hawatozi hata senti. Aliyepoteza korodani au matumizi ya viungo vya uzazi kwa sababu ya utumishi anaweza kustahili malipo maalumu ya kila mwezi juu ya fidia ya kawaida, na wapo wasiojua kwamba malipo hayo yapo, kwa kuwa hawakuwahi kulitaja jambo lenyewe kwenye fomu.

Kuna walioogopa dawa kwa ajili ya moyo, nao wasibezwe. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti juu ya wanaume zaidi ya 8,700 wa VA, uliodai kwamba waliopata testosteroni walipatwa zaidi na mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo. Ulibishaniwa sana, ila mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo liwekwe kwenye karatasi za dawa, na madaktari wengi wakarudi nyuma. Jibu lenye uzito zaidi lilikuja 2023, katika jaribio kubwa la wanaume zaidi ya 5,200 wenye upungufu na wenye ugonjwa wa moyo au hatari yake: mshtuko wa moyo na kiharusi havikuongezeka kwa waliopaka jeli ya testosteroni kuliko waliopaka jeli tupu. Mapigo ya moyo kwenda mrama, damu kuganda mapafuni na figo kuumia ghafla, hayo yaliongezeka kidogo. Kwa hiyo daktari afuatilie: wingi wa chembe nyekundu za damu, maana dawa huifanya damu kuwa nzito, shinikizo la damu, na tezi dume.

Wasioweza kungoja foleni huishia kwenye kliniki za biashara zinazotangaza nguvu za kiume, ambako dodoso na kadi ya benki hutosha, au kwenye chupa za kuuziana kwenye majumba ya mazoezi. Siwalaumu, ila nawaonya. Tangu sheria ya mwaka 1990 testosteroni ni dawa inayodhibitiwa Marekani. Cheti chake hakivuki miezi sita, na mtu akihama jimbo au daktari wake akiondoka, cheti hukatika. Mwili uliozoea kupewa husahau kutengeneza, na kukatika ghafla humrudisha mtu kitandani. Kwa askari wa VA kuna njia halali zaidi. Tangu 2019, kama kumwona daktari bingwa kunahitaji mwendo wa gari wa zaidi ya saa moja kwa wastani, au kungoja zaidi ya siku 28, anaweza kuomba apelekwe kwa daktari wa nje kwa gharama ya VA. Na walioambiwa zamani kwamba hawastahili kujiandikisha warudi waulize tena, kwa sababu Machi 2024 mlango ulifunguliwa kwa wote waliokabiliwa na sumu kazini na kuachishwa jeshi kwa masharti yanayokubalika.

Kijana ambaye bado anataka watoto asikilize hapa kwa makini. Testosteroni ya kutoka nje huzima uzalishaji wa mbegu. Nimeshangaa mara nyingi jinsi jambo hili linavyosahaulika kusemwa kwa mtu wa miaka 30 aliyeoa mwaka jana. Kama korodani zake ni nzima na kilichoumia ni pituitari, zipo sindano nyingine zinazoiga amri ya pituitari, zikaamsha korodani zenyewe na kulinda mbegu. Aombe hizo kwanza, au mbegu zake zihifadhiwe kabla hajaanza. Na anayetumia jeli asimbebe mtoto kabla ya kunawa mikono na kufunika alipopaka, kwa maana jeli huhamia kwenye ngozi ya mtoto au ya mke ikawadhuru.

Kwa waliorudi kuishi huku kwetu: VA ina mpango wa kulipia matibabu nje ya Marekani, lakini kwa magonjwa tu ambayo tayari imeyatambua kuwa yametokana na utumishi. Ndiyo maana dai la fidia lina umuhimu hata kwa mtu asiyejali hela. Dai hilo laweza kupelekwa kwa njia ya intaneti ukiwa Mwanza au Eldoret. Likikubaliwa, unajiandikisha kwenye mpango, unamwona daktari wako wa hapa, unatunza risiti yenye mchanganuo na maelezo ya daktari, na unaomba kurudishiwa fedha ndani ya miaka miwili tangu siku ya matibabu. Majibu ya damu ya asubuhi zile mbili yaambatanishwe na dai tangu mwanzo, pamoja na karatasi ya mkeo.